Mama Oketch Ana Mpwa Ng'ambo

— Wewe, ushawahi kuiba kitu chako mwenyewe?

Mildred hakumlenga mtu. Swali alilitupia benchi zima akiwa bado wima, mkoba begani, jasho la kuteremka kutoka stendi ya Olympic likimtiririka shingoni, na kila aliyeketi pale akaona limemwangukia yeye. Benchi lenyewe liko Kianda, ndani ya Kibera, mahali njia inapopinda kukwepa mtaro ambao huahidiwa kufunikwa kila mwaka wa kura, mbele ya kibanda cha kinyozi aliyehama akaacha ukutani vichwa vya kuchorwa, vyote vimenyolewa mtindo mmoja. Ishmael hutua hapo jiko lake la makaa na birika la kahawa chungu ya tangawizi, na wenye benchi hutua baada yake. Landi, yaani mzee Gichuru, ana ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware lakini huja kunywa kahawa Kibera, maana kule kwake hawezi kukaa kitako bila mpangaji kumletea habari za choo. Wakili, yaani Kavoi, hajasomea sheria hata siku moja. Aliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya mbuzi, akaongea mpaka hakimu akamwomba akae, na tangu hapo hufunga tai. Na Prof, yaani Obonyo, kijana wa digrii ya daraja la kwanza, huketi mwisho wa benchi na begi la laptopu katikati ya miguu kama kuku anayelalia mayai. Siku aliyofika alijitambulisha kuwa ni mshauri wa utafiti wa kimataifa. Hakuna aliyefuatilia zaidi, kwa sababu kijiwe hicho kina sheria moja tu: mtu haulizwi kazi yake. Utamuuliza kama mkewe amerudi, kama ni kweli alilia kanisani, kama dawa ya minyoo imemsaidia. Lakini swali la kazi likianza kwa mmoja litazunguka kama kikombe mpaka limfikie kila mtu.

— Kujiibia mwenyewe? Wakili alikaza tai. — Hiyo kesi ni ngumu, madam. Mshtaki na mshtakiwa wanaingia kortini na kiatu kimoja.

— Kaa kwanza, Milly, akasema Ishmael, akisuuza kikombe. — Swali kama hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama.

— Sina wakati wa kukaa, akasema Mildred, akakaa. — Chuo wanasema nimeiba insha.

— Ya nani? akauliza Landi.

— Yangu.

Wakatazamana kama watu wanaopapasa ukuta gizani wakitafuta swichi.

— Sikizeni basi, na msinikate, akasema Mildred. — Ile insha yangu ya mwisho, ile ya Mama Oketch, nimeipeleka kwa mtandao wa chuo vile inatakikana. Sasa hiyo mtandao iko na mashine. Ukipeleka kitu, mashine inalinganisha na insha zote zimewahi kupitia kwake, za dunia nzima, halafu inapaka rangi nyekundu mahali umeiba. Yangu imerudi nyekundu kama bucha. Asilimia tisini na moja.

— Tisini na moja! Landi akapiga paja. — Hiyo si kuiba, mama. Hiyo ni kuhama na nyumba ya mtu.

— Si nimesema msinikate? Kuna kijana mzungu huko ng'ambo alipeleka insha hiyo hiyo kwa chuo chake kabla yangu. Neno kwa neno. Dokta Amondi amenipigia asubuhi. Anataka nikuwe ofisini kwake kabla ya saa sita nimweleze imekuwaje. Nikishindwa kueleza, jina langu linaenda kwa kamati ya nidhamu. Na jina likiingia huko, Disemba sivai joho.

Neno joho liliwatuliza kidogo. Wote walijua kwamba Mama Oketch, mdogo wa mamake Mildred na ndiye aliyemlea, alikuwa ameshashona gauni la sherehe hiyo, akalitangaza kanisani Jumapili mbili mfululizo, na ya tatu akalivaa kabisa, ati kulizoesha mwili.

— Na huyo mzungu anasemaje? akauliza Ishmael.

— Anasema Mama Oketch ni anti yake.

Kahawa ilimwagika. Wakili alicheka mpaka tai ikamgeukia mgongoni. Landi akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Ngai! Anti yake?

— Dokta alinisomea kwa simu. Kijana hata jina hakubadilisha. Ameandika, anti yangu, Mama Oketch, alipohamia ghorofa ya nne.

— Basi Mama Oketch ana mpwa ng'ambo, akasema Wakili, — na hajawahi kutuambia! Mama mchoyo huyo.

Mildred hakucheka. Alikuwa anaiona insha yake mbele ya macho kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yake ukiwa na kufuli la mtu mwingine. Insha ilihusu watu waliohamishwa kutoka nyumba za mabati wakapewa ghorofa za Soweto East, na swali la Dokta lilikuwa rahisi: wamepata nini, wamepoteza nini? Wenzake darasani walijaza kurasa kwa takwimu za maji na umeme. Mildred alianza na sufuria. Katika ploti ya zamani, ukuta ukiwa bati na jikoni kukiwa mlangoni, kila mtu alijua nani hajapika, maana upande wake hapakuwa na moshi wala harufu ya kitunguu. Basi jirani aliyepika alichukua sufuria yake mwenyewe, akaijaza ugali na sukuma, akaifunika, akabisha hodi: "Nimekurudishia sufuria yako." Haikuwa sufuria yake, na wote wawili walijua. Mwenye njaa alijibu, "Aki nilikuwa nimesahau uko nayo," akaipokea. Kesho yake akairudisha. Hakuna aliyesaidiwa; vyombo tu vilikuwa vinarudi kwao. Kisha Mama Oketch akapewa ghorofa. Maji kwa bomba, choo ndani, mlango wa chuma. Jioni ya kwanza alipika, akapakua, akasimama kwenye ukumbi wa milango iliyofungwa, sufuria mkononi inamuunguza, asijue abishe wapi.

Hivyo ndivyo insha ilivyoanza. Na sasa kulikuwa na kijana mahali penye theluji aliyekuwa na anti, na sufuria, na ukumbi.

— Mimi najua, akasema Landi. — Ni wale wageni wa kuzungushwa mtaani na kamera. Juzi mmoja amenipiga picha hapa nikipuliza kahawa. Sai mimi niko kwa ukuta wa mtu, chini imeandikwa mzee anafikiria. Na nilikuwa nafikiria tu vile nimeungua ulimi.

— Picha haichukui insha, mzee, akasema Mildred.

— Unajua kamera za sai zinaona wapi? Zinaona mfupa. Zinashindwa kuona insha?

— Si kamera, akasema Ishmael, akichochea makaa. — Ni simu. Simu inasikiza. Mimi nilisema hapa hapa, mkinisikia, kwamba nataka viatu vya mpira. Kufika jioni simu ikaanza kunionyesha viatu. Hata saizi yangu. Milly, wakati unaandika, ulikuwa unasoma kwa sauti?

— Nilikuwa nasoma.

— Haya basi. Umemsomea mzungu.

— Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, akaunga mkono Wakili, akinyoosha kidole juu. — Walikuwa wanaongelea simu. Mimi yangu siwekangi mfukoni. Inakaa mezani nikiiona.

Mwisho wa benchi, Prof alipaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka machozi, na Landi akampiga mgongoni kwa kiganja cha mtu aliyezoea kubisha milango ya wapangaji.

Hapo ndipo Mildred alipogundua kwamba Prof hajasema kitu. Kwa kawaida Prof alikuwa redio isiyo na kitufe cha kuzima. Ungetaja mvua, angekupa historia ya mawingu. Leo alikuwa anakitazama kikombe kana kwamba chini yake pameandikwa majibu ya mtihani. Na ni yeye Mildred aliyekuja kumtafuta.

— Prof, nimekuja juu yako, akasema. — Wewe ndiye unaelewa hizi mashine. Nikifika kwa Dokta nitasema nini?

Prof akaweka kikombe chini, akakohoa tena, mara hii kikohozi cha mhadhiri.

— Hili ni suala la muunganiko wa fikra kimataifa. Katika enzi ya maarifa mtambuka, mawazo yanaweza kuibuka sambamba katika muktadha...

— Prof. Kwa Kiswahili.

— Wazo kubwa linaweza kutua kwa vichwa viwili.

— Na litue na jina la anti yangu?

— Majina pia ni... Prof alitafuta neno hewani. — Majina ni takwimu.

— Mama Oketch si takwimu, akasema Ishmael. — Mama Oketch ni kilo mob, muulize mwenye mizani.

— Ngojeni, akasema Wakili, ambaye hakupenda kesi iende bila yeye. — Tusikimbilie mashine. Tuanze na ukoo. Milly, babu yako mzaa mama alikuwa anafanya ka... Akajikwaa kwenye sheria ya kijiwe, akameza mate. — Yaani, alikuwa anaishi wapi ujanani?

— Nanyuki. Alikuwa mpishi.

— Akipikia nani?

— Watawa, Wakili.

— Wa wapi?

— Wa ng'ambo. Lakini watawa.

— Mimi sijasema kitu, akasema Wakili, akiinua mikono. — Nimeacha tu faili wazi. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje, lakini hakuna aliyeuliza. Kumuuliza Wakili kuhusu methali ni kumwongezea dakika.

— Kwenu si kuna wale watu wa kukimbia usiku? Landi alikuwa amepata moto. — Wanavua nguo, wanarusha mawe kwa paa za watu, asubuhi wako kitandani kama malaika. Pengine insha pia inakimbia. Umeilaza kwa laptopu, kumbe inatoka.

— Inatoka inaenda mpaka Ulaya?

— Kama ni insha nzuri.

— Sasa hapo umesema, akasema Ishmael. — Ingekuwa mbaya ingekaa nyumbani.

Wakaanza kubishana juu ya insha nzuri ni gani, na Mildred, ambaye alikaa miaka minne akilipia kufundishwa jambo hilo, akalazimika kufundishwa tena bure. Landi alisema insha ni kama ploti: kabla hujajenga chumba hata kimoja unaweka ukuta, na juu ya ukuta unapanda vipande vya chupa. Kosa la Mildred lilikuwa kuandika vitu ambavyo mtu yeyote anaelewa, na akielewa ameshaingia. Wakili alisema insha isiyoanza na maneno "Kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo chini" haina mguu wa kusimama kortini. Kisha akatazama nywele za Mildred, ambazo Mama Oketch alimsuka wiki hiyo kwa ajili ya picha za chuo.

— Na isitoshe, akili ni nywele, na nusu ya hizo zako ni za dukani. Hakimu akikuona utamwambia nini?

— Nitamwambia mshauri wangu wa sheria alikuwa shahidi wa mbuzi.

— Mbuzi alishinda hiyo kesi! akasema Wakili kwa uchungu.

— Prof alinifunza insha nzuri ni gani, akasema Mildred, na sauti yake ikabadilika kidogo. — Nilimtumia nilipomaliza, mwezi wa nne, aniangalilie Kizungu. Alikaa nayo. Aliponirudishia akasema haina uzito wa kitaaluma. Ati ni hadithi ya kijiweni. Ati nitoe sufuria, nitoe anti, nianze upya kabisa na maneno mazito.

— Ukatoa? akauliza Ishmael.

— Ningemtoaje Mama Oketch? Niliongeza tu maneno mazito hapa na pale, kumpa Prof heshima yake. Muktadha. Mtambuka. Dokta alinichekesha asubuhi nikiwa nalia. Aliniambia, Mildred, hata kama uliiba, hii asilimia tisa ambayo ni yako mwenyewe ndiyo mbovu.

— Mbovu? Prof aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. — Alisema mbovu?

— Alisema inasomeka kama ilani ya mnada.

Prof akainama. Akavuta begi lake karibu na visigino.

Kabla mtu hajasema neno, pikipiki ilisimama kando ya mtaro ikitema moshi, na nyuma yake akashuka mama mmoja mnene kidogo, leso kiunoni, funguo za nyumba nyingi zikining'inia kwenye leso kama kengele za ng'ombe. Landi aliinua kikombe akajaribu kuingia ndani yake.

— Baba Wangeci, akasema yule mama. — Kumbe ofisi ya kaunti ilihamia hapa?

— Mama Wangeci. Nilikuwa njiani.

— Njia gani iko na kikombe? Choo cha nyuma kimeziba, wapangaji wamesimama mlangoni kwangu kama kwaya, na wewe unaniambia umeenda kufuata karatasi. Songa.

Landi akasonga. Mama Wangeci akaketi, akachukua kikombe cha mumewe, akanywa kilichobaki, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akaangalia nyuso zote.

— Ni nini? Mbona mko kama watu wa matanga? Na wewe mrembo umelia.

Mildred akamweleza. Alimweleza kwa ufupi, maana kueleza mara ya pili kulikuwa kumemfundisha ni wapi pa kukata: insha, mashine, mzungu, Mama Oketch, saa sita. Kila alipomaliza kipande, mmoja wa wanaume alichomeka nadharia yake, na Mama Wangeci akawa anazipokea kama anavyopokea visingizio vya wapangaji, kichwa kikitikisika, sikio halipo.

— Kamera, akasema mwishoni. — Simu. Watawa. Insha inakimbia usiku bila nguo. Wanaume wanne wamekaa hapa tangu asubuhi. Mimi mnisamehe, si mtu wa hapa, nitauliza tu kitu kidogo. Kabla ya kuipeleka, ulikuwa umeonyesha nani?

— Hakuna mtu. Prof peke yake.

— Prof ni gani?

Hakuna aliyetaka kumwonyesha, lakini macho yana adabu mbaya. Yote yalielekea mwisho wa benchi.

— Habari yako kijana, akasema Mama Wangeci. — Wewe unafanyanga kazi gani?

Makaa yalipasuka jikoni. Ishmael alikuwa anamimina, akaacha birika limeinama bila kitu kutoka. Wakili alisimama nusu, mkono kwenye tai.

— Pingamizi, mama. Hapa kijiweni, kwa heshima, hatuulizani...

— Sijauliza wewe. Wewe bado nitakufikia.

Wakili akakaa. Alikaa mbali kidogo na pale alipokuwa.

— Ni mtu wa kimataifa, Landi akamsaidia Prof kwa sauti ya chini.

— Kimataifa wa nini?

— Ni mambo ya utafiti, akasema Ishmael.

— Wa nini?

Ishmael akalitazama birika. Landi akamtazama Ishmael. Mildred pia alitafuta jibu, akashtuka kuona hana. Miaka minne alikuwa ameketi na huyu mtu. Alijua anakunywa kahawa bila sukari, alijua jina la mbwa aliyemuuma utotoni, alijua begi lile halijawahi kulala mbali naye. Alijua kwamba usiku taa yake haizimwi na kwamba asubuhi huja macho mekundu akisema wateja wa upande ule wa dunia huamka sisi tukilala. Wateja. Alilisikia neno hilo mara ngapi? Yeye, ambaye hujigamba kwamba hawezi kuvumilia mtu wa kujifanya, ndiye aliyeitikia "sawa Prof" kila mara, kwa sababu neno kimataifa lilikuwa tamu kulisikia Kianda.

— Prof, akasema polepole. — Uliniambia nitoe sufuria.

Prof akaokota kikombe chake.

— Uliniambia nimtoe Mama Oketch. Nianze upya kabisa. Sikuelewa. Insha ilikuwa imeisha, na wewe unasisitiza, kila siku unaniuliza, umetoa sufuria? Umetoa sufuria? Mpaka nikadhani una kisa na sufuria.

— Nilikuwa najaribu kukuokoa, akasema Prof, akikiambia kikombe.

— Kutoka kwa nani?

Mwenye pikipiki, ambaye alikuwa anangoja Mama Wangeci, akazima injini ili asikie vizuri.

— Nilikuwa na kazi ya mtu, akasema Prof. — Ya kutoka siku hiyo hiyo uliponitumia yako. Mada karibu moja na yako. Nimekaa mbele ya laptopu, kichwani hakuna kitu, nimeandika muktadha mara sita. Halafu yako iko hapo imefunguka. Nikasema nitachukua mwanzo tu, nipate pa kuanzia. Lakini ukianza na ile sufuria, Milly, huwezi kuachia katikati. Unataka kujua atabisha wapi.

— Ukampa yote.

— Nilikuwa nimepanga kubadilisha majina.

— Hukubadilisha.

— Nililala.

Wakili alivuta pumzi kutoa methali. Mama Wangeci akamtazama, naye akaipumua bila maneno.

Mildred alisimama. Walidhani atamwagia mtu kahawa, na Ishmael, mtu wa busara, akasogeza birika. Lakini Mildred alimwendea mwenye pikipiki.

— Boss, unaweza kubeba wawili mpaka chuo?

— Naweza, lakini huyu mama...

— Mimi nina mume wa kunirudisha Kawangware kwa miguu, akasema Mama Wangeci. — Nendeni.

Mildred akachukua kofia ngumu ya abiria, akarudi, akamwekea Prof magotini.

— Panda.

— Milly, nikisema huko, wateja wangu... Jina langu...

— Jina lako ni Obonyo. La Prof tulikupa sisi.

Prof akavaa kofia. Akavaa haraka, kioo kikashuka, na ndani yake akaonekana kujisikia salama, kama mtu aliyejifunika blanketi.

— Sasa sema, akasema Mildred.

— Nimeshasema.

— Umesemea kikombe. Nataka kusikia vile utamwambia Dokta. Kama hapa kwa watu wako utamumunya maneno, mbele yake utaanza na muktadha. Vua hiyo kitu usimame.

Prof akavua kofia. Akasimama kati ya benchi na mtaro, chini ya vichwa vya kinyozi, begi limekumbatiwa kifuani. Mama mmoja aliyepita na ndoo ya mboga akapunguza mwendo. Alijaribu mara ya kwanza, sauti ikatoka ya mhadhiri. Mildred akatikisa kichwa. Alijaribu tena.

— Mimi naitwa Obonyo, akasema, na mara hii hata mwenye pikipiki alisikia. — Kazi yangu ni kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, wanapeleka kama zao. Ya Mildred niliiuza kabla yeye hajaipeleka. Nilimwambia ni mbaya, na nilijua si mbaya. Mama Oketch ni anti yake. Si wa mzungu.

Landi alivua kofia yake pia, bila kujua kwa nini. Ishmael akaliinua birika, akalitikisa. Ndani hakukuwa na kitu ila tangawizi.

— Na huko ilipata ngapi? akauliza.

Prof akamtazama Mildred kama mtu anayebisha mlango wa chuma.

— A, akasema. — Waliandika pembeni, ni sufuria iliyowafanya waisome mpaka mwisho.